Mwasiti na Kichaka cha Kuogea

Mwasiti binti Amissi wa Rumonge alijulikana kwanza kwa sauti. Kigelegele chake kikipigwa sokoni, wavuvi walioko ziwani waliinua vichwa. Na siku ile askari wa Wadachi, wale Wajerumani waliotawala, walipokuja kukata kichaka cha wanawake, wakashindwa, wakarudi walikotoka, aliyepiga kigelegele kirefu kuliko wote alikuwa yeye. Laiti angejua alikuwa anashangilia nini!

Kichaka chenyewe kilikuwa pale mto unapoingia ziwani. Miti imesongamana, matawi yameinamia maji, kivuli cha baridi hata saa sita ya mchana. Hapo wanawake wa mji waliogea, wakafua, wakachemsha na kuponda chikichi zao za mawese, na hakuna mwanamume aliyethubutu kutia mguu. Wadachi wakaleta amri kwamba miti yote ya kando ya maji ikatwe, eti kwa sababu ya malale. Ugonjwa huo wa kusinzia ulikuwa unamaliza watu pwani yote. Mtu anaanza na homa, kichwa kinamgonga, shingo inatoa matezi, halafu anasinzia mchana, anasinzia tonge likiwa mkononi, mpaka siku analala moja kwa moja. Hayo watu waliyaona kwa macho. Lakini mti unaua vipi? Nani angekubali?

Bi Zuwena hakukubali. Huyo alikuwa mama mkwe wake Mwasiti, mama yake Radjabu, na ndiye mkubwa wa wanawake pale kichakani. Alijilaza katikati ya njia, akawaambia askari, "Piteni juu ya mugongo wangu mukaone mama zenu wakioga." Askari nao ni watoto wa watu. Wakaona haya, wakaondoka, na mji mzima ukacheka siku nyingi.

Haukupita mwaka, Mwasiti akaanza kusinzia.

Mwanzoni walimwita mvivu. Anaponda chikichi, mara mchi unamponyoka, kichwa kimeangukia kifuani. Wenzake wakamtania kwamba Radjabu hampi nafasi ya kulala usiku. Halafu utani ukaisha, maana alianza kulia ovyo, kumfokea binti yake Biasha bila sababu, na kutetemeka mikono. Hapo wakaanza kunong'ona uchawi. Mgonjwa wa malale siku zile alifichwa ndani, mlango unafungwa, ukiuliza unaambiwa amesafiri Ujiji. Wengi walisafiri Ujiji hiyo wasirudi. Bi Zuwena naye akaning'iniza kitambaa mlangoni, akawajibu majirani kwamba mkwe wake kaenda kuona ndugu.

Radjabu alikuwa mvuvi wa ndagala, vile visamaki vidogo vya ziwani, mtu wa maneno machache, na watu walimwona mnyonge kidogo mbele ya mama yake. Lakini siku hiyo alimtazama mkewe amelala mate yakimtoka, akasema, "Mama, unisamehe. Mimi siziki mutu muzima." Akambeba mgongoni mchana kweupe, akapita naye katikati ya soko, akamweka kwenye mtumbwi wa kuvushia watu, akapiga kafi kuelekea kambi ya Wadachi ya kutibu malale, upande wa Usumbura. Bi Zuwena alijifungia ndani kwa fedheha.

Kambini Mwasiti alichomwa sindano, akapumzishwa, akachomwa tena, na sindano zile zilikuwa kali. Aliwaona wagonjwa waliopona malale wakabaki vipofu kwa dawa hiyohiyo. Kila asubuhi alikawia kufumbua macho kwa hofu, halafu akayafumbua, akaona paa, akamshukuru Mungu kwa sauti mpaka wenzake wakamwambia anyamaze. Polepole usingizi ukamwachia. Akaanza kusikia njaa, akaanza kuchokoza watu. Msaidizi wa daktari, Mmanyema mmoja mcheshi, ndiye aliyemwonyesha mbung'o amekufa kwenye kiganja, inzi wa kijivu mwenye mabawa yaliyopandana. "Huyu ndiye anayebeba malale," akamwambia. "Hapendi jua. Anakaa penye kivuli na maji, anamnyonya mgonjwa, kisha anamnyonya mzima."

Mwasiti akamtazama yule inzi, akamtambua. Kule kichakani waliwaua inzi hao mapajani kila siku, huku wakipiga soga. Na wakati huo, Biasha alikuwa hukohuko akiponda chikichi badala ya mama yake.

Alirudi Rumonge kwa miguu yake mwenyewe, amenenepa, anaona vizuri, na mji ukatoka kumtazama kana kwamba amefufuka. Wengine walimkumbatia. Wengine walimsalimu "Amahoro, mama Biasha" wakiwa mbali, halafu wakapitia njia nyingine. Yeye hakuwa na muda wa kununa. Kabla hata ya kuketi alimpapasa Biasha shingoni, kushoto na kulia, hakukuta kitu, akalia kwa furaha. Kisha akasema mbele ya mama mkwe, "Kuanzia leo mutoto huyu haendi kichakani. Na kile kichaka kikatwe."

Loo! Mbona ilikuwa vita.

"Umeenda kwa Wadachi umerudi na maneno yao," alisema Bi Zuwena. "Mutoto wa kike aoge wapi? Sokoni? Wavuvi wamutazame kama samaki kwenye mukeka?"

"Mama, mule mna mbung'o. Ndio walioniua mimi."

"Uliyekufa mbona unaongea?"

Wanawake waliokuwepo wakacheka. Mwasiti alikasirika, ndiyo, alikasirika sana. Lakini alipokwenda kulala aliyageuzageuza maneno ya yule mzee, akaona kuna jambo la kweli ndani yake. Wadachi walisema kata, basi. Hawakuuliza mwanamke atajisitiri wapi. Hata yeye, angeambiwa aoge mbele ya mitumbwi, angechagua malale. Watu hawakukipenda kile kichaka, walikuwa wanapenda stara yao. Basi wapewe stara.

Kulipokucha aliingia kwenye matete na panga. Alichagua mahali pa wazi, mchangani, mbali na miti, jua linapopiga tangu asubuhi. Radjabu alipotoka ziwani alimkuta mkewe anachimba mashimo ya nguzo. Hakuuliza kitu, akaanza kumbebea matete. Wanaume wakamcheka kwelikweli. "Radjabu, unamujengea bibi yako boma?" Akawajibu kwamba wao wake zao wananuka, nao watakuja kuoga humo. Wakajenga ua wa matete ya kusimama, umesukwa kwa kamba za makuti, mrefu kupita mtu, una mlango wa kupinda ili asiyetakiwa asione ndani, na ukuta mwingine umeingia hadi majini kukinga upande wa ziwa. Mtu angeweza kuoga, kufua na kuponda chikichi humo, na juu ni mbingu tupu.

Hakuja mtu, maana Bi Zuwena alitangaza kwamba ndani ya ua ule mtu anaonekana. Mwasiti na Biasha waliogea humo peke yao, wakasikia kicheko kikitoka kichakani, na makofi ya watu wanaopiga inzi. Kila kofi lilimchoma Mwasiti. Alikuwa akiwajua kwa sauti zao, mmoja mmoja, na hakujua nani atafuata kusafiri Ujiji.

Ndipo akamchokoza mama mkwe mahali penye kuuma. "Mama, wewe unasema ndani ya ua wangu ninaonekana. Panda mutumbwi na mwanao, uniangalie kutoka ziwani. Ukiona hata kisigino, ninauvunja mwenyewe leo, na sisemi tena habari ya kichaka."

Sasa fahamu jambo moja: Bi Zuwena alizaliwa kando ya ziwa lile na alikuwa hajawahi kukaa ndani ya mtumbwi wa uvuvi. Wanawake wa Rumonge hawakupanda mitumbwi ya ndagala, ilikuwa mwiko, nyavu zitakosa. Lakini kushindwa na mkwe kulimwuma kuliko mwiko. Alipanda, ameshika ukingo kwa mikono miwili, macho yametoka, anamwomba Mungu na kumkaripia Radjabu kwa pumzi moja. Pwani ilijaa watu. Wenye kuoga kichakani tu ndio hawakujua, maana walikuwa wanaoga.

Mtumbwi ukasimama mbele ya ua wa matete. Ndani Mwasiti anajimwagia maji na kuimba kwa nguvu zake zote. Bi Zuwena akakodoa. Akainuka nusu, mtumbwi ukayumba, akaketi haraka. "Simuoni," akakiri mwishowe. "Ninasikia kelele yake tu. Turudi."

Radjabu akageuza mtumbwi, na mkondo wa mto ukawasukuma kidogo upande wa kichaka. Bi Zuwena akageuza shingo.

"Yallah!"

Chini ya yale matawi yaliyoinama, mwanga wa asubuhi uliruka kutoka majini na kumulika kila kitu. Kutoka nchi kavu kichaka kilikuwa ukuta mweusi. Kutoka majini kilikuwa mlango uliofunguliwa. Pale alikuwepo jirani yake mmoja, na mwingine, na mke wa mwalimu wa chuo cha Kurani, wote wanaonekana mpaka alama za kuzaliwa. Bi Zuwena akamgeukia mwanawe polepole. Radjabu alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

"Munaona hivi siku zote?"

"Mama, sisi tunageuza uso."

"Wote?"

Radjabu akachovya kafi, akaharakisha kurudi. 

Yule mzee hakungoja mtumbwi ufike mchangani. Aliruka majini hadi magotini na nguo zake zote, akapanda pwani akipiga kelele za kuamsha maiti: "Tokeni! Tokeni humo, tumeoga uchi mbele ya dunia tangu mama zetu!" Akanyakua panga la mtu aliyekuwa karibu, akaanza na tawi la kwanza. Wanawake wakatoka mbio wamejifunga nguo vibaya, wakasikia habari, wakapiga yowe, wakaenda kuleta mapanga na mashoka. Waume waliokuja kusaidia walifukuzwa kwa matusi, na wengine walistahili. Kichaka kilichowashinda askari wa serikali kilikatwa na wake wa Rumonge, wakakichoma, na moshi wake ukawafukuza mbung'o. Jua likaingia mahali pale kwa mara ya kwanza. Mwasiti alisimama juu ya kisiki, jasho linamtiririka, akapiga kigelegele mpaka sauti ikamkauka, na safari hii alijua anashangilia nini.

Walipokaa kupumzika, Bi Zuwena alimwita. Hakumwita pembeni. Alimwita mbele ya wanawake wote, kisha akateremsha mtandio wake mabegani.

"Gusa hapa," akasema.

Mwasiti akagusa. Nyuma ya shingo, chini ya ngozi laini ya kizee, matezi yalikuwa yamejipanga.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu ulipokuwa kambini. Nilikuwa ninajificha mimi mwenyewe." Akazivuta ncha za mtandio. "Ninaogopa sindano. Ninaogopa kupoteza macho. Lakini sitaki kuambiwa nimesafiri Ujiji."

 Kisha mwanamke mmoja upande wa nyuma akateremsha mtandio wake, akashika shingo yake mwenyewe. Halafu mwingine. Mwasiti akapita kwa kila mmoja, anapapasa na kusema anachokikuta kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayechagua chikichi zilizoiva, na waliokuwa na matezi hakuna aliyesogea mbali nao.

Radjabu na wenzake waliacha kuvua siku iliyofuata. Mitumbwi ya ndagala ikajaa wanawake, mwiko ukafie mbali, na Bi Zuwena akakaa mbele kabisa, ameshika ukingo, anawafundisha wavuvi namna ya kupiga kafi. Mwasiti alikaa ubavuni mwake. Walipoukaribia mji wa kambi, yule mzee akamnong'oneza, "Ukiona ninalia kwa sindano, piga kelele zako, wasinisikie."

"Nitapiga, mama," akasema Mwasiti, akamshika mkono.