Praima Kwenye Shavu la Mama

Tangu nivunje ungo, uso wangu hutoa mafuta. Nikinawa asubuhi, kabla ya chai ya saa nne paji limeshang'aa kama nimepakwa samli, na vitundu vya ngozi ya pua vimefunguka. Kwa hiyo ilipofika sendofu yangu, sherehe ya kuniaga kabla ya harusi, pale Kahama, niliziogopa picha kuliko ndoa yenyewe.

Dada mpambaji, mwenye saluni eneo la Nyasubi, alikuja nyumbani asubuhi ya siku hiyo. Alikuwa na praima mpya yenye rangi, ya kufifisha vitundu hivyo na kukausha mafuta kabla ya kupaka faundesheni. Akasema tuijaribu mapema, maana kuna ngozi huikataa. Alipaka shavu la kulia peke yake. Nilipojitazama kwenye kioo, shavu lilikuwa laini, halina tundu hata moja. Ila rangi ilikuwa imepauka, nyeupe kidogo kuliko la kushoto.

Hapo mama akaingia na birika la chai. Alikuwa amefika jana yake kutoka kijijini kwetu, mbele ya Kagongwa.

"Shikamoo mama," mpambaji akamwamkia.

Mama akasimama ghafla. Alikuwa ananiangalia mimi.

"Umeanza lini kujichubua?"

"Mama, huu si mkorogo. Ni praima tu, ukinawa inatoka."

"Hata mama yako mdogo alituambia hivyo hivyo."

Mama mdogo aliolewa na mchimbaji huko Geita, mwanamume aliyependa kusifia wanawake weupe mbele yake. Akaanza kujipaka krimu za kuchanganya. Nilikuwa darasa la nne aliporudishwa kwetu, uso umebabuka na unatoa maji, kanga ameivuta mpaka machoni. Mama ndiye aliyemuuguza. Usiku nilimsikia akimbembeleza asijikune.

"Nawa," mama akasema.

"Wageni wanafika mchana, mama."

"Nawa. La sivyo, ukumbini siingii. Siwezi kuwakabidhi watu mtoto aliyejichuna."

"Uso ni wangu!"

Sikuwahi kumjibu hivyo maishani. Mpambaji akainama, akajifanya anapanga brashi zake. Mama aliweka birika chini taratibu, akaketi kitandani, akasukuma kilemba nyuma.

"Basi nipake mimi kwanza."

"Mama, ngozi yako ni kavu," mpambaji akasema. "Hii ni ya wenye mafuta."

"Kama ni sumu, itachagua?"

Mpambaji akampaka shavu moja. Kisha tukangoja. Mama alikaa wima kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Nilikodolea macho shavu lake, nikiomba lisibadilike. Ndipo langu likaanza kuwasha.

Mwanzoni nilijiambia ni woga. Likazidi, likawa moto chini ya jicho. Nilitamani kusugua lakini sikuthubutu, kwa sababu mama asingehitaji ushahidi mwingine. Nikakumbuka kwamba hata maandishi ya kwenye ile tyubu sikuyasoma.

"Inakuwasha," mama akasema. Hakuwa anauliza.

Machozi yakanitoka. Nilidhani atanifokea, lakini alikwisha kuinuka. Alirudi na beseni na sabuni ya kipande, akaniinamisha, akaninawisha mwenyewe kama mtoto mchanga. "Ng'wana wane," alinong'ona kwa Kisukuma, mwanangu, tena na tena. Praima ilipotoka, tuliona vipele vidogo vyekundu, basi. Ngozi yenyewe ilikuwa nzima. Mama alipitisha kidole juu yake mara nyingi kabla ya kuamini.

Mpambaji aliomba radhi. Tukakubaliana nipakwe poda nyepesi tu, niende na leso ya kujifutia.

"Na wewe mama, nikunawishe?" nikauliza.

Alikuwa amekishika kioo, anageuza uso huku na huku.

"Langu haliniwashi," akasema. Kisha akamgeuzia mpambaji shavu la pili. "Malizia na huku, watu wasinicheke."