Tembo wa Bama katika Ghala la Kakao

Banda la video la Bwana Athumani, pale Bondeni mjini Kyela, lilinuka kakao. Kabla ya kuwa banda la video lilikuwa ghala, na harufu ya kakao iliyochachuka ilikuwa imeingia kwenye mbao na sakafuni, ikakataa kuhama pamoja na magunia. Ilikuwa harufu ya uchachu na utamu kwa pamoja, kama togwa iliyokaa siku moja zaidi. Changanya na moshi wa jenereta iliyokuwa ikinguruma uani, na jasho la watu waliobanana kwenye mabenchi, na mvua yetu ya Kyela ambayo ikishaanza kupiga bati haina haraka ya kwenda popote, utakuwa umeingia nami mle ndani. Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena. Tulikuwa tumezoea kupanga foleni kwa ajili ya kipande kimoja cha sabuni, mara sabuni zikaja za kuchagua rangi. Bwana Athumani, muuza vitenge ambaye wazee wake walitokea Kilwa, alileta televisheni na deki kutoka Dar es Salaam juu ya lori la mizigo. Alivifunga ndani ya godoro na akasafiri amelikalia godoro lenyewe, asije akaibiwa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na Jumamosi mchana alituruhusu watoto tukae chini, mbele kabisa, mradi tusiguse waya.

Picha zilizopendwa zilikuwa za vita. Wanangu wanadhani tulikuwa tunazitazama midomo wazi na kumeza kila kitu. Wanatusingizia. Hakuna mahakama niliyowahi kuiona iliyokuwa kali kama benchi la kwanza la banda lile, na hakimu wake alikuwa Asajile, fundi baiskeli, mtu mwenye grisi hadi kwenye viwiko na sauti ya kuvuka mto. Asajile alihesabu risasi. Steringi, yaani shujaa wa picha, akianza kufyatua, yeye alianza kukunja vidole, na vidole vikimwishia aliazima vya jirani. "Thelathini na mbili!" alipiga kelele. "Gwe, hiyo ni bunduki au kisima?" Kama askari alijeruhiwa bega la kushoto, akafika mtoni bandeji imehamia kulia, banda zima liliitikia: "Uongo!" Na kwenye mvua hapakuwa na wa kutudanganya. Mvua inamnyeshea mtu kofiani, nyuma yake barabara inatimka vumbi? Uongo! Tulifurahi kuliko kama picha ingekuwa ya kweli. Kulikamata kosa ilikuwa nusu ya utamu, na tulirudi nyumbani tukibishana mpaka kwenye njia panda ya Ipyana.

Nyumbani Ipyana kulikuwa na mtu aliyekuwa ameiona vita yenyewe, na hakuna aliyemuuliza. Babu yangu Ambakisye, baba yake baba, alichukuliwa na jeshi la Mwingereza akiwa kijana, akapelekwa Burma, nchi ambayo yeye aliiita Bama. Waswahili husema aisifuye mvua imemnyea, lakini babu hakuisifu vita wala kuilaani. Alisimulia jambo moja tu, na hilo moja ndilo lililomharibia jina. Alisema kuwa huko Bama tembo walifanya kazi. Walifungwa minyororo, mtu akakaa shingoni, wakavuta magogo ya mtiki kutoka mlimani kwenda kujenga madaraja ya jeshi. Sasa mwambie hayo mtu wa kwetu, anayejua kuwa tembo akipita kwenye migomba yako unachoweza kufanya ni kumshukuru Mungu kuwa hukuwa ndani ya migomba. Watu walicheka. Wengine walimwita Mzee Tembo, naye aliitika, kwa kuwa ukiitwa jina miaka mingi unachoka kulikataa.

Angekuwa anacheka pamoja nao kama hadithi ya tembo hao isingekuwa na mtu ndani yake. Babu alikwenda vitani na rafiki yake, Anyimike, kijana wa ng'ambo ya Mto Songwe, upande wa Malawi. Kwetu mto ule haujawahi kutenganisha watu, lugha ni moja na wakwe wako pande zote. Anyimike hakufa kwa risasi. Siku moja ya mvua, gogo lililokuwa likivutwa na tembo lilichomoka kwenye mnyororo, likaviringika mteremkoni, na Anyimike alikuwa amesimama chini. Vita ilipokwisha babu alivuka Songwe kabla hata hajalala kwao, akaenda kumweleza mama wa marehemu. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza mwanawe kweli alikufaje. Babu akarudia. Walimtoa uani. Tangu siku hiyo, ng'ambo ile walisema Ambakisye alimtupa mwenzake vitani akakimbia, na ili kuficha aibu akatunga tembo mkata mbao.

Mgeni anaweza kudhani hilo ni neno tu na neno halivunji mfupa. Lakini kwetu msiba ndio kipimo. Mtu anaweza kukunyima salamu mwaka mzima, ila ukifiwa atakuja kulala chini nyumbani kwako, asipokuja, amekufuta. Bibi yangu alipofariki, watu walitoka Mbeya na watu walitoka Karonga, lakini kwa kina Anyimike hakutoka hata mtoto. Mama yule alikuwa ameshakufa, amebaki dada wa Anyimike, Bibi Tusekile, naye alikuwa amerithi hasira pamoja na shamba. Nilimkuta babu siku hiyo amesimama nyuma ya nyumba, anatazama njia ya Katumba Songwe inayoelekea mtoni. Akaniambia, "Mimi nikifa wasipokuja, nitakuwa nimezikwa muuaji."

Basi Jumamosi moja ya masika, Bwana Athumani akaweka kaseti mpya, picha ya vita ya msituni, Wazungu na Wajapani. Katikati yake, bila onyo, akatokea tembo na gogo nyuma yake. Mtu amekaa shingoni. Banda lililipuka. "Masikio hayo!" Asajile alipaza sauti. "Jamani, masikio madogo hivyo! Huyo tembo wametengeneza kwa magunia, ndani kuna watu wawili!" Uongo, uongo, uongo, mpaka Bwana Athumani akaja kutazama kama deki imepata moto. Mimi nilikuwa nimekwisha toka. Nilikimbia kwenye mvua bila viatu mpaka Ipyana, nikamkuta babu anasuka tenga, nikamwambia nimewaona tembo wake. Hakushangilia kama nilivyotaka. Aliniuliza masikio yalikuwaje. Nikamwambia madogo. Akauliza mgongo. Nikamwambia umebinuka juu. Akaliweka tenga chini, akasema, "Mwambie mama yako amwombe Tusekile aje aone."

Hapa lazima nieleze jambo. Mama yangu alikuwa mkwe wa babu, na kwa mila ya Kinyakyusa mkwe na baba mkwe hawatazamani wala hawasemezani. Mama aliishi miaka kumi na mitatu kwenye uwanja ule bila kuuona vizuri uso wa babu. Akisikia kikohozi chake alijitanda kanga na kupita nyuma ya jiko. Maneno yao yote yalipita kwangu. Babu akisema, "Mwambie mama yako ng'ombe wameingia mpunga," mama alikuwa ameshashika fimbo, lakini alisubiri mimi nimwambie. Kazi hiyo nilikuwa naiona ni upuuzi, na mara nyingi niliifupisha. Siku hiyo niliirefusha. Mama ndiye aliyevuka Songwe kila wiki kwa biashara ya mchele na vitambaa, ndiye angefikisha ujumbe. Nilijua kuwa mwanamke aliyenuna miaka zaidi ya arobaini hatavuka mto kwa ajili ya tembo. Nikaongeza chumvi. Nilimwambia mama, "Babu anasema kwenye picha Anyimike mwenyewe anaonekana."

Mama angeweza kwenda kuhakikisha kwa babu, kama angekuwa mtu mwingine yeyote duniani.

Bibi Tusekile alikuja Jumamosi iliyofuata. Alikuwa mrefu, mkavu, amevaa gauni la kanisani na kitambaa cheupe, na ameshika mkononi kitambaa kingine kipya kilichokunjwa, kama mtu anayekwenda kuona mgonjwa. Mama alimfikisha mpaka barabarani akabaki huko, maana babu alikuwa mlangoni. Wazee wale wawili hawakusalimiana. Bwana Athumani, ambaye nilikuwa nimemsimulia kila kitu isipokuwa uongo wangu, aliwaondoa vijana kwenye benchi la pili, akawafutia kwa mkono wake mwenyewe, akasema, "Karibuni wazee wangu, leo hapa ni kwenu." Nilikaa chini, miguuni pa Bibi Tusekile, na ndipo nilipogundua nilichokuwa nimefanya. Kila askari alipotokea, aliinama mbele. Akaniuliza polepole, "Yuko wapi?" Kikapita kikosi kizima kikivuka mto, Wazungu watupu. "Mtoto, yuko wapi?" Nilianza kutafuta na mimi, nikiomba Mungu atokee hata mmoja tu mwenye rangi yetu, amebeba hata sufuria. Hakuwapo. Nilikuwa nimeiona picha ile mara ya kwanza nikashangilia makosa ya risasi na bandeji, na hilo sikuliona.

Kisha wakaja tembo. Benchi la mbele lilikuwa linawasubiri. "Wa magunia hao!" alifoka Asajile, na watu wakacheka, na najua nilicheka nao kidogo kwa sababu ya woga. Tembo akavuta gogo ukingoni mwa mteremko. Chini ya mteremko alisimama mtu mmoja kifua wazi, ametupa mgongo, anafunga kamba. Picha yenyewe haikumfanya kitu. Gogo lilipita salama na hadithi ikaendelea na mambo yake. Lakini babu hakuungoja mwisho. Aliinuka, benchi likaanguka nyuma yake, akapiga kelele kwa Kinyakyusa, kwa sauti ambayo sikuwahi kujua kuwa anayo: "Anyimike! Toka chini! Anyimike, toka!" Alikuwa amenyoosha mkono kuelekea televisheni, na mwili wake wote ulikuwa umeelekea huko. Watu waliangua kicheko. Halafu kicheko kikakatika, benchi moja baada ya jingine, na Asajile ndiye aliyenyamaza wa kwanza.

Bwana Athumani alizima jenereta. Tulitoka nje, mvua ilikuwa imepungua. Babu aliegemea ukuta wa ghala, anahema. Bibi Tusekile alisimama mbele yake na hicho kitambaa chake, akamtazama kwa mara ya kwanza.

"Ulimwita," alisema.

"Nilimwita. Mvua ilikuwa kubwa, hakusikia."

"Uliniambia tembo. Ulimwambia mama tembo, tembo. Hukusema kama ulimwita."

"Hamkuniuliza," babu akasema. "Mliniuliza nilikimbia au sikukimbia."

Alilia, yule bibi mrefu, bila kujificha, na akampa babu kitambaa afute uso wake badala ya kufuta wa kwake. Kisha akanigeukia mimi. Nilidhani amenisahau. Nikamweleza kuwa babu hakusema Anyimike anaonekana, ni mimi niliyesema. Nilitegemea anipige au anisamehe. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliniambia, "Nimevuka mto nimevaa vizuri ili ndugu yangu anione. Usimwahidi mtu tena sura ya marehemu wake." Kisha akamshika babu mkono wakaenda pamoja polepole kuelekea barabarani, na mama yangu, alipoona baba mkwe anakuja, akaruka mtaro na kujificha nyuma ya mgomba.

Babu aliishi miaka mitano baada ya hapo. Walikuja kumzika kutoka ng'ambo, mitumbwi mitatu, na Bibi Tusekile alilala chini nyumbani kwetu siku zote za matanga. Tembo hawakuaminiwa hata hivyo. Asajile alizeeka akisema mzee alikuwa mkweli ila picha ile ilikuwa na tembo wa magunia.

Mwaka huu mwanangu wa kiume alinitafutia picha ile kwenye simu. Haikumchukua muda wa kuchemsha chai. Tuliitazama kitandani, bila harufu yoyote, bila mtu wa kubishana naye, na ilikuwa ndogo na safi na fupi kuliko nilivyoikumbuka. Natamani lile banda. Natamani makelele, na hata ile kesi ya risasi, kwa sababu tulikosea pamoja na kwa sauti, na mzee mmoja aliweza kuinuka akatunyamazisha wote. Mwanangu alinionyesha mahali ambapo watu wa dunia nzima wameandika makosa ya picha hiyo. Ni mengi: vifungo vya sare si vya mwaka ule, ndege ni ya vita nyingine, redio ilikuwa bado haijatengenezwa. Kuna hata waliobishana kuhusu tembo, na mmoja ameandika kwa uhakika kwamba ni kweli, walikuwepo. Nilisoma orodha nzima mpaka chini, kisha nikairudia tangu juu, mwanangu akaniuliza natafuta nini. Katika makosa yote yale, hakuna aliyeandika kwamba Anyimike hayupo.