Zaburi Nje ya Vyumba vya Upasuaji

Juzi nilikuwa hospitalini hapa Morogoro, kwenye benchi nje ya vyumba vya upasuaji. Kando yangu alikaa mama aliyeteremka milimani na binti yake, ambaye sasa alikuwa ndani akijifungua kwa upasuaji. Mama alisoma kwa sauti ya chini Zaburi ile ya mtu anayemuuliza Mungu atamsahau mpaka lini.

Kaka yake akamgusa bega. "Dada, hayo ni malalamiko ya Agano la Kale. Soma Injili upate amani."

"Amani sina," alijibu bila kuinua macho. "Acha nisome ya mtu aliyeogopa kama mimi."

Mzee mwenye baraghashia, ambaye mkewe naye alikuwa ndani, akageuka. "Endelea, mama. Nabii Daudi ni wetu pia. Pandisha sauti kidogo nami nisikie."

Akapandisha.

Muuguzi akatoka, akamwambia mzee kwamba mkewe ametoka salama, aende wodini akamwone. Mzee akasimama, akamtazama mama, akakaa tena.

"Malizia kwanza," alisema.

Mama alipomaliza, sote tuliitikia "Amina", kaka naye. Mjukuu akazaliwa mzima, na binti yuko salama.

Kanisani kwetu tunasimama kwa Injili. Zaburi tunaisikiliza tumekaa. Nilidhani ni kwa sababu haina uzito. Sasa nadhani iliandikwa kwa ajili ya watu waliokaa wakisubiri.