Neno Ambalo Komunike Hazikulitaja

Mwaka ule mvua zilianza mapema, nami nilikuwa na kazi niliyoionea fahari. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, hapa Bujumbura. Nilitafsiri habari kwa kijigazeti cha Kiswahili cha kurasa nne kilichotoka mara mbili kwa wiki. Ofisini tulikuwa wawili tu, mimi na mhariri, mwalimu mstaafu ambaye mji mzima ulimwita Mwalimu. Yeye alileta komunike, yaani taarifa rasmi za wakubwa, zikiwa kwa Kifaransa. Mimi nilizigeuza Kiswahili na kuzipiga kwenye stensili, kisha yeye akazungusha mashine kwa mkono. Kufikia saa nne karatasi zilikuwa sokoni, na waliojua kusoma waliwasomea wasiojua.

Komunike ya kwanza haikunishtua. Ilisema kwamba katika vijiji fulani vya pwani ya ziwa, upande wa kusini, watu walikuwa na maradhi ya tumbo ya majira ya mvua, na kwamba hapakuwa na sababu ya hofu. Niliitafsiri kabla chai yangu haijapoa.

Jumapili nilishuka Kibenga, mtaa wa kando ya ziwa, kumsalimu mama mkubwa, dada wa mama yangu. Alikuwa ametoka Uvira, ng'ambo ya ziwa, pamoja na wazazi wangu nilipokuwa mdogo, na tangu hapo aliuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Aliishi mita chache kutoka majini, akishirikiana na jirani yake, mjane aliyemsaidia kuanika samaki. Walichota maji kutoka ziwani na kuyaweka katika mtungi mmoja, kwa kuwa bomba la karibu zaidi lilikuwa mbali na maji yake yalikatika mara kwa mara.

Siku hiyo vichanja vya kuanikia vilikuwa nusu vitupu. Mama mkubwa alisema mitumbwi mingi ya kusini haikuja kwa wiki nzima, na wachache waliokuja walizungumza kidogo wakaondoka. Yule mjane aliongeza kwamba amesikia katika kijiji kimoja wamezika watu watano wa nyumba moja. Wakanitazama, maana mimi ndiye mtu wa habari. Nikawasomea karatasi yetu, ile ya maradhi ya majira.

Mama mkubwa alitulia. “Kama ni we uliandika,” alisema, “basi mi naamini. Hawa watu wa mitumbwi wanapenda kutisha watu.”

Akachota kikombe cha maji mtungini, akanywa, akampa mwenzake. Na mimi nilikunywa.

Wiki iliyofuata komunike ilisema hali imedhibitiwa. Siku hiyo hiyo lori lilipita mbele ya ofisi likiwa limejaa magunia ya chokaa, kama ile inayomwagwa makaburini, likielekea kusini. Komunike ya tatu ilikataza kuuza matunda yaliyomenywa na kuoga ziwani, kwa ajili ya usafi wa mji. Ya nne ilisema wasafiri wa kusini wataulizwa vyeti vya chanjo barabarani, na kwamba huo ulikuwa utaratibu wa kawaida. Sijawahi kuona utaratibu wa kawaida ukianza ghafla siku ya Jumatano.

Wakati huohuo redio moja ya nchi jirani ilikuwa inasema watu wanaanguka ovyo katika barabara za Bujumbura na mji umefungwa. Nilichungulia dirishani. Barabara ilikuwa wazi na wanafunzi walikuwa wanatoka shule. Uongo ule ulitudhuru kuliko nilivyofahamu siku hiyo, kwa sababu wateja wetu sokoni walipousikia walicheka. Wakasema kwamba kama redio ya nje inadanganya, basi karatasi ya hapa inasema kweli. Hakuna aliyefikiri kwamba wote wawili wangeweza kukosea, mmoja kwa kupiga kelele, mwingine kwa kunyamaza.

Nilizitandaza komunike zote nne mezani, nikazisoma upya kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Ndipo nikaona niliyoyatafsiri bila kuyaona. Hazikutaja kijiji hata kimoja. Hazikusema wagonjwa ni wangapi, wala nani aliwahesabu. Kila mahali hatua zilikuwa zimechukuliwa, lakini aliyezichukua hakuwepo. Ya pili ilisema kimedhibitiwa kitu ambacho ya kwanza ilikuwa imesema si kitu. Tena ugonjwa ukiwa wa majira tu, chanjo ni ya nini?

Nilimwambia Mwalimu kwamba mimi naona hii ni kolera, kipindupindu chenyewe. Yeye alikuwa anafuta wino kwenye vidole. Hakukataa. Aliinuka akafunga mlango wa mbele, ingawa ilikuwa saa tatu asubuhi na joto lilikuwa kali.

“Miaka michache iliyopita kuna watu waliandika mambo kwa majina yake,” alisema. “We ulikuwa ungali mutoto wa shule. Mi nilikuwa nafanya kazi nao.”

Hakusema walikuwa wapi sasa, na katika mji ule hapakuwa na haja ya kuuliza. Akanipa komunike ya tano, akaniambia niitafsiri kama ilivyoandikwa. Nikatafsiri.

Alhamisi binti wa mjane alikuja ofisini kwa miguu kutoka Kibenga, matope yakiwa hadi magotini. Alisema mama yake amekufa alfajiri, na mama mkubwa amebebwa kwenye machela hadi kwenye hema zilizo nyuma ya dispansari. Sikujua kama kulikuwa na hema. Nilikuwa nimetafsiri komunike tano kuhusu ugonjwa huo na sikujua.

Hema zilikuwa tatu, zimezungushiwa kamba. Kabla ya kuingia walinitia miguu katika beseni la dawa iliyochoma pua. Ndani kulikuwa na vitanda vya turubai vyenye tundu katikati, na ndoo chini ya kila tundu. Sikumtambua mama mkubwa. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya soko. Siku moja tu ilikuwa imemkausha kama kitambaa kilichokamuliwa. Macho yalikuwa yamezama, na ngozi ya mkono wake nilipoifinya ilibaki imesimama. Serumu, yaani dripu, ilikuwa inaingia tone kwa tone mkononi mwake.

Muuguzi, mwanamama mwenye aproni iliyolowa, aliuliza mimi ni nani na ninafanya kazi gani. Nilipomwambia, aliacha kufunga bandeji.

“Ni nyinyi mulisema ni ya majira?”

Nikasema ndiyo, ni mimi.

Hakunigombeza. Alisema taratibu, kama anayenisomea imla, kwamba maji ya ziwa yachemshwe mpaka yatokote, mikono ioshwe kwa sabuni, na mgonjwa aletwe mara anapoanza kuhara, asisubiri kesho. Alisema wengi walioletwa walikuwa wamechelewa kwa sababu waliambiwa si kitu.

Nilirudi ofisini nikayaandika maneno hayo yote, na jina la Kibenga, na neno kolera. Mwalimu aliyasoma kwa muda mrefu. Kisha akachukua kalamu akafuta neno moja tu, kolera. Jina la Kibenga akaliacha. Kichwa cha habari akaandika yeye mwenyewe: Maji ya Ziwa Yachemshwe. Tulichapa nakala nyingi kuliko kawaida. Niliona wanawake sokoni wakisomewa, na safari hii hakuna aliyecheka.

Siku mbili baadaye gari jeusi lilishuka kutoka Kiriri, mtaa wa wakubwa kilimani, na kusimama mlangoni petu. Wanaume wawili waliovaa vizuri waliingia, wakasalimia kwa adabu, wakauliza nani aliandika habari ya maji. Nilifungua kinywa. Mwalimu alitangulia.

“Ni mimi,” alisema. “Huyu dada anapiga mashine tu.”

Wakamwomba afuatane nao kwa mazungumzo mafupi. Alichukua koti lake, akaniambia nifunge madirisha mvua isije ikalowesha karatasi, akaondoka nao.

Alirudi siku ya tatu. Hakuwa na jeraha lolote nililoweza kuona. Alifungua kabati, akatoa barua zake, akasema kijigazeti kimesimama kwa sasa na nitafute kazi kwingine. Hakutaka kuketi.

Mama mkubwa alipona. Ilimchukua mwezi mzima kurudi kwenye vichanja, akiwa amepungua, na binti wa mjane akimsaidia. Hakunilaumu hata siku moja kwa yale niliyowasomea. Lakini tangu hapo nikimpelekea habari yoyote alikuwa anauliza kwanza nani ameiona kwa macho yake, na nikishindwa kujibu aliendelea kugeuza samaki.

Mimi nilipata kazi ya ukarani katika shule. Yapata mwaka mmoja baadaye nilikutana na Mwalimu katika mtaa wa Kigobe, akitoka kwenye ofisi moja na bahasha mkononi. Aliniuliza kama mama mkubwa alipona. Nikasema ndiyo, anauza. Akaitikia kwa kichwa, akatazama nyuma yake, akavuka barabara. Sikumuuliza kuhusu zile siku tatu. Nilikuwa na nafasi ya kumshukuru, nayo niliiacha ipite.