Wageni Walioulizia Umeme wa Mikese

Walikuja asubuhi ya Jumamosi, wanaume wawili na dada mmoja mwenye kofia pana. Gari waliliacha barabarani kule Mikese, karibu na wauza nyanya, wakapanda kwa miguu hadi shambani kwetu. Mimi nafundisha jiografia mjini na ninaishi Mwembesongo. Siku hiyo nilikuwa nimekuja kumsaidia mama kupalilia. Walisema wanatafuta eneo la kufugia kuku. Haya. Mtu wa kuku huuliza njia ya gari, huuliza vicheche, huuliza soko. Hawa waliuliza umeme hukatika mara ngapi, ukikatika hukaa muda gani, na kama zile nguzo kubwa za chuma ng'ambo ya korongo zina laini moja au mbili. Udongo hawakuugusa hata kwa ncha ya kiatu.

Yule dada alikuwa anacheka kabla hajaambiwa la kuchekesha, na mtu wa namna hiyo simwamini. Lakini aliyenikera zaidi ni baba. Aliwapokea kama watu aliokuwa akiwangoja.

"Karibuni, karibuni sana shambani kwangu," akasema, akawazungusha mipaka yote mpaka kwenye chemchemi.

Kwangu! Mama alikuwa ameinamia jembe lake, akaendelea kupalilia. Kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Shamba lile mama alipewa na bibi, bibi alipewa na mama yake, nasi mabinti tutalishika baadaye. Baba ni mume. Amelilima ujana wake wote na michungwa yote iliyopo kaipanda yeye, lakini hana uwezo wa kumpa mtu hata kipande cha kuchimba choo. Mwenye kauli ni mjomba, kaka yake mama, pamoja na wanaukoo wakikaa kikao. Na sisi tulilelewa hivyo, kwamba mume ni mtu wa kuja, hata awe mzee wa kutembelea fimbo. Ukitaka kushuku, unaanza na yeye.

Nikaanza na yeye. Niliporudi mjini nilifungua kompyuta nikatafuta kile wale wageni walichokuwa wanakiona nisichokiona mimi. Haikuwa siri hata kidogo. Kuna ramani ya wazi mtandaoni ambayo watu wa kujitolea wamechora ndani yake laini za umeme mkubwa, nguzo kwa nguzo, na vituo vya kupozea umeme. Kuna mipango ya serikali ya kupanua gridi, inapakuliwa na yeyote mwenye bando. Kuna matangazo ya kukatika kwa umeme, yanawekwa hadharani kwa majina ya mitaa. Nikayapanga moja juu ya jingine, nikajifanya mimi ndiye mnunuzi.

Kule Kisaki palinivutia kwanza kwa sababu bwawa kubwa la umeme liko upande huo. Ila laini zinazotoka huko zinapita tu, hazishuki, na masika barabara inakuwa tope. Mjini kumebanana, na ukisogea kidogo unagonga mlima. Mikese ndiyo ikabaki. Laini kubwa iko karibu, reli ya umeme ipo, mkongo wa mawasiliano unafuata barabara kuu, na jina la upande wetu ni nadra kwenye matangazo ya kukatika. Shamba la mama kwenye ramani lilikuwa weupe mtupu. Hakuna nyumba, hakuna jina, hakuna mtu wa kuhamishwa. Pembeni yake tu kijimstari cha buluu, maji.

Kuku gani wanaotaka mkongo wa mawasiliano? Anayetaka umeme usiozimika, maji ya kupoza mitambo na uwanja mtupu ni mwenye kituo cha data, majumba ya kompyuta zinazofanya kazi usiku na mchana. Nilicheka peke yangu kwa hasira. Mama ameishi chini ya nyaya zile miaka yote na anawasha taa ya sola.

Nikajiambia baba anajua, na ameshaahidiwa kitu. Sikumpigia simu kumuuliza. Nilichapisha ile ramani kwa rangi, nikaenda moja kwa moja kwa mjomba, kwenye duka lake la nafaka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjamana?"

Nilimweleza yote. Alisikiliza vizuri kuliko wanafunzi wangu. Akauliza laini ni ipi, kituo cha kupozea kiko wapi, na kwa nini hapa na si Kisaki. Nikafundisha kwa raha, kidole juu ya karatasi.

"Umefanya la maana," akasema. "Ramani niachie."

Wiki iliyofuata ndipo nilipomkabili baba, nikiwa na mgongo wa kuegemea. Nikamuuliza waziwazi anauza shamba la mama kwa nani. Alinitazama, kisha akacheka mpaka akakohoa, na mama naye akaficha mdomo kwa kanga.

"Niuze nini, mwanangu? Wale walikuja wanauliza mwenye eneo ni nani. Ningewaelekeza kwa shemeji, si wangekwisha kuchimba msingi? Ule upande wa barabarani uliondokaje, kama si yeye aliyeuuza? Nikasema ni langu. Waje, wapime, wanywe chai, wanibembeleze mimi. Siku ya kuandikishana watakuta nimeoa tu hapa. Watachoka, watakwenda Chalinze."

"Na mjomba?"

"Mjomba wako anajua ni watu wa kuku," akasema mama. "Kuku hawamtoi udenda."

Niliona haya, kisha nikaogopa. Wazazi wangu walikuwa wanacheka wote wawili, na mimi nikacheka nao. Sikusema ramani iko wapi. Nilijipa moyo kwamba karatasi ni karatasi tu, na kwamba mjomba haruhusiwi kuamua bila kikao.

Kikao kiliitishwa Ijumaa, baada ya swala, uani kwa mjomba. Waume hawaingii kwenye kikao cha ukoo usio wao, kwa hiyo baba alibaki nje ya ua na waume wengine, wakapiga soga. Ndani nikamkuta yule dada wa kofia ameketi karibu na mjomba. Mjomba alifungua karatasi yangu akaanza kueleza laini, kituo, mkongo, na kwa nini hapa na si Kisaki. Maneno yalikuwa yangu, hata mzaha wangu wa kuku aliutoa, watu wakacheka.

"Msidhani haya nimeletewa na wageni," akasema. "Aliyekagua ni mtoto wetu, damu yetu, msomi wetu. Simama wakuone."

Nikasimama. Nilitaka kusema kwamba nilikuja kwake kwa hofu, nikitaka azuie, lakini mama wadogo na wajomba walikuwa wananipigia makofi na kulitaja jina langu, nami nikajikuta nainama kushukuru. Mama alingoja wanyamaze.

"Na chemchemi?" akauliza.

"Chemchemi ni mojawapo ya mazuri ya eneo," dada wa kofia akamjibu, akitabasamu.

Mikono ya wanaokubali kuuza ikanyooshwa. Mkono wa mama ulibaki mapajani, lakini mmoja haukuzuia kitu.

Nilikuwa wa kwanza kutoka uani. Baba aliinuka haraka, uso umemchanua, akawaacha wenzake katikati ya maneno.

"Nimesikia wakikutaja, na makofi," akasema. "Umewaweza, mwanangu?"

Mama alikuwa amefika nyuma yangu. Naye akasimama, akingoja nijibu.