Mkopo Nisioukopa

Mimi sijawahi kukopa hata chumvi. Kijiji kizima cha Wema kinajua. Kwa hiyo kijana wa benki kule Garsen aliponiambia, "Shosho, uko CRB, kwenye orodha ya wasiolipa madeni. Kuna mkopo wa simu hukulipa," niligeuka nyuma nione anasema na nani.

"Shosho ni wa kwenu huko bara," nikamjibu. "Mimi ni bibi. Na simu yangu ni ya kupiga na kupokea tu."

Kikundi chetu cha akina mama kumi kilikuwa kinaomba mkopo wa pampu ya kuvuta maji ya mto hadi kwenye mpunga. Benki ilitaka majina kumi safi. Langu likiwa chafu, pampu hakuna, na mwenyekiti ni mimi. Njia nzima ya kurudi wenzangu walizungumzia mvua tu. Afadhali wangenitukana.

Nikaanza kushuku watu. Nilimshuku mwanangu, maana alikuwa na simu mpya. Nikamshuku mkewe, maana alinihurumia haraka mno. Mwenye saiba, lile duka la kompyuta pale stendi, akaniambia nimpe kitu kidogo afute jina langu. "Anayejua kufuta," nikamwambia, "anajua na kuandika. Nitolee ripoti ya hiyo CRB tu."

Niliisoma kwa kidole. Namba ya kitambulisho ni yangu. Namba ya simu si yangu, lakini niliijua vizuri: ndiyo ninayopiga maziwa yakichelewa.

Mafuriko yalipotuhamisha, rafiki yangu wa Kiorma, mfugaji anayeniletea maziwa, alipoteza kitambulisho majini. Kwetu kitambulisho ni kama mtumbwi, mwenye nacho humvusha asiye nacho. Nilimsajilia laini kwa jina langu apokee pesa za msaada. Wanawake wengi tulifanya hivyo, na hakuna aliyetuambia kwamba laini inaweza kukopa.

Nikamwendea kwake. Alikuwa anaosha vibuyu.

"Umekopa kwa jina langu?"

"Nimekopa. Ng'ombe aliugua. Na nimelipa."

"Karatasi inasema hujalipa."

"Hiyo karatasi ilikuwako nilipouza mbuzi?"

"Na mbona hukuniambia?"

"Ungekataa."

Ni kweli, ningekataa. Akanirushia simu. Yeye hasomi, lakini meseji hafuti hata moja. Anaamini ukifuta meseji umefuta na jambo lenyewe. Nilipekua mamia ya meseji mpaka nikaipata: mkopo umelipwa wote, asante. Niliirudia mara tatu, herufi kwa herufi, nikitafuta hila. Sikuiona. Hata hivyo simu sikumrudishia mpaka tulipofika Garsen.

Kijana wa benki alipiga picha ile meseji, akajaza fomu ya malalamiko, akaituma kwa wanaoweka orodha. Nikadai nakala yenye muhuri.

"Bibi, huniamini?"

"Jina langu lilichafuka nikiwa nimelala kwangu. Piga muhuri."

Wiki zikapita. Kila Ijumaa nilikwenda kuuliza, na kila Ijumaa njiani nilimwazia mtu mpya kuwa ndiye mwizi. Mwishowe jibu likaja: waliokopesha walipokea pesa yao wakasahau kuandika. Kusahau! Mimi nikisahau siku moja, wanahesabu riba. Sikukubali jibu la mdomo. Nikataka ripoti nyingine, nikaikagua ukurasa kwa ukurasa. Ilikuwa safi.

Kijana akauliza kama laini ile ibaki kwa jina langu. Rafiki yangu alikuwa ameketi kando, anatazama sakafu. Kitambulisho chake kipya bado kilikuwa hakijatoka.

"Ibaki," nikasema, kisha nikamgeukia rafiki yangu. "Lakini ukitaka kukopa tena, uje uniambie kwanza."

"Na wewe ukitaka kunishuku, uje uniulize kwanza. Nimesikia ulianza na wanao."

Wenzangu tisa, waliokuja kwa ajili ya pampu, wakacheka mlangoni. Mimi sikucheka. Nikavuta fomu ya pampu, nikamwambia kijana anisomee yote, hata yale maandishi madogo ya chini, na akifika mwisho arudie. Aliporudia maneno yale yale, nikatia sahihi.