Sikio la Kushoto la Bibi

Nilipokuwa mtoto, kwetu Michenzani sikio halikulia bure. La kulia likilia, mtu anakutaja kwa wema. La kushoto likilia, unasengenywa. Na sikio la kushoto la bibi yangu, aliyenilea, lilikuwa likilia kutwa.

Bibi hakuwa na shaka nani anayemsengenya: Bi Zuwena wa ghorofa ya chini, shoga yake tangu usichana. Alikuwa kanuna kwa sababu ya harusi ya mjomba wangu. Bibi akishikilia kwamba alituma mtu kumwalika, Bi Zuwena akishikilia kwamba hakufikiwa na mtu. Wakawa wanapishana ngazini bila salamu. Kila mlio ulipozidi, Bibi alizidi kumchukia. Alijaribu mafuta ya nazi ya vuguvugu, kisha maji ya kitunguu thomu, yaliyomchoma hadi akatoa machozi. Mlio haukuondoka.

Asubuhi moja, akichambua mchele, aliniita.

"Naam, Bibi."

"Teremka kwa Bi Zuwena. Jitie unaazima mbuzi ya kukunia nazi. Sikiliza ananisema nini."

Nikateremka kwa kusitasita, maana nilimpenda Bi Zuwena na niliogopa kumsikia akisema baya. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa peke yake mkekani, kaziba sikio kwa kiganja. Nilimwamkia, akaitika marahaba.

"Mwanangu," akasema taratibu, "bibi yako ananisema nini huko juu? Sikio langu halijanyamaza tangu alfajiri."

Nikamwambia kweli: hasemi kitu, anachambua mchele, na sikio lake linalia vilevile. Bi Zuwena hakucheka. Alijitanda kanga, akanishika mkono, tukapanda ngazi polepole, akisimama kuvuta pumzi.

Bibi alipomwona mlangoni aliinamia ungo wake.

"Na langu linalia, Asha," Bi Zuwena akamwambia Bibi. "Basi nani anamsema mwenziwe?"

Bibi alisogea, akampa nafasi mkekani. Walichambua mchele ule pamoja mpaka adhuhuri, na harusi haikutajwa tena. Masikio yao yaliendelea kulia mpaka walipofariki.

Sasa mlio ni wangu. Daktari alinieleza kwamba sehemu ya ndani ya sikio imechoka, kwamba hana dawa ya kuuondoa, ila nitauzoea. Nikitaka kulala nawasha pangaboi la darini, uvumi wake unaufunika. Watu hunielekeza dawa kwenye simu: matone, majani, kombe la kunywa, yaani aya zilizoandikwa sahanini zikaoshwa kwa maji. Wengi wana nia njema. Huwauliza tu nani aliyepona, na kama wamemwona kwa macho yao. Sikioni sitii kitu. Nauona uso wa Bibi siku ile ya kitunguu thomu.

Wala siamini kwamba sikio huleta habari. Lakini mlio ukizidi, hujikuta najiuliza nani sijamjulia hali siku nyingi. Wiki iliyopita alikuwa dada yangu wa Kiwengwa, tuliyekwaruzana naye tangu Idi. Nikampigia. Alipokea upesi, kama aliyekuwa kaishika simu mkononi.